Mistari Kumi na Moja Kuhusu Matundu

Kabla hamjaandika hadithi ambayo mtoto anarusha roketi, rusheni kwanza nyinyi. Na mkirusha, angalieni jirani anapika nini.

Nayasema haya kwenu, vijana wangu wa Buswelu hapa Mwanza, kwa sababu mlipokuja kwangu na madaftari yenu mkaniambia mmeanzisha kikundi cha kuandika hadithi za watoto wagunduzi na klabu zao za sayansi, mmoja wenu alisema, "Mzee Masanja, majaribio yenyewe tutayabuni tu." Sikujibu kwa sababu nilikuwa na chai mdomoni. Sasa nimeimeza, na jibu langu ni refu.

Katika hadithi za namna hiyo kila kitu kinaweza kubuniwa isipokuwa jaribio. Mtoto ni wa kubuni, klabu ni ya kubuni, hata mbwa ni wa kubuni. Lakini ukishaandika kwamba huyo mtoto, tuseme Doto, alichukua chupa, akatia siki na magadi, akaziba kwa nguvu, basi Jumamosi inayofuata kuna mtoto halisi kule Nyakato mwenye chupa halisi, na mama yake ametoka kidogo. Msomaji mkubwa husoma hadithi akalala. Mtoto husoma akaenda kutafuta msumari.

Mimi nilifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji pale Kirumba tangu nilipomaliza kidato cha nne mpaka nilipostaafu. Fizikia nilifeli, tena vizuri. Nilianza kwa kupanga kwa mkono herufi za madini ya risasi, nikaishia kuwa mhariri mbele ya kompyuta, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilishughulika na vitabu vyembamba vya mfululizo mmoja ulioitwa Klabu ya Mawe Saba. Hamkuvikuta. Vilihusu mapacha wawili, Kulwa na Doto, na rafiki yao Asha, waliokuwa wakikutana katikati ya mawe makubwa juu ya mlima na kutengeneza vitu. Kulwa ndiye fundi, Asha ndiye akili, na Doto ndiye anayeuliza maswali ya kijinga. Watoto wengi walioandika barua walisema wanampenda Doto.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Sefu, msimamizi wetu, mtu wa mjini hasa, baba yake wa Tabora na mama yake Mkerewe, kofia haitoki kichwani hata kwenye joto la mashine. Mzee Sefu aliweka sheria moja tu: kitu ambacho hakijatengenezwa uani kwetu hakichapwi. Nyuma ya kiwanda palikuwa na ua mdogo wenye bomba na kamba ya kuanikia nguo, na hapo kila uvumbuzi wa Klabu ya Mawe Saba ulitengenezwa na sisi kwanza, tukiwa na muswada mkononi, tukifuata neno kwa neno kama watu wasio na akili zao.

"Kijana, usitumie akili," alikuwa akinifokea. "Akili unayo wewe. Mtoto ana kitabu tu. Kitabu kimesema nini?"

"Kimesema tia maji kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu, Mzee."

"Basi mimi kidogo changu ni ndoo. Andika nusu kikombe."

Ndivyo tulivyorusha roketi ya maji. Muswada ulisema chupa ya plastiki itiwe maji, izibwe kwa kizibo cha mpira, ipulizwe kwa pampu ya baiskeli, nayo "itapaa juu". Tulipuliza. Ilikwenda juu kweli kwa muda wa kupepesa jicho, halafu ikabadili mawazo, ikaruka ukuta, ikatua ndani ya sufuria ya maharage ya Mama Kasimu, mama lishe aliyekuwa upande wa pili. Tulisikia kelele. Mzee Sefu akavua kofia, kitu ambacho sikuwa nimewahi kumwona akifanya, akazunguka kwenda kuomba radhi.

"Dada, nimefuata chupa yangu."

"Iko humo. Itafute mwenyewe na kijiko."

Tangu siku hiyo kila asubuhi Mama Kasimu alichungulia ukutani: "Sefu! Leo ni ya kuruka au ya kutulia?" Akiambiwa ni ya kuruka, anafunika. Na kitabu kilipotoka, kiliwaambia watoto waelekeze chupa upande wa uwanja mtupu, tena wasimame nyuma yake hatua kumi. Hatua kumi hizo zimetoka kwenye maharage.

Nawaambia pia jambo dogo la vifaa. Usimpe mtoto wa hadithi kitu ambacho msomaji hawezi kukipata mtaani kwake. Muswada mmoja ulimtaka Kulwa awe na sumaku, basi, sumaku tu, kana kwamba zinaota. Tulikaa tukafikiri mtoto wa Igoma ataipata wapi. Mzee Sefu akasema kwenye spika ya redio iliyokufa. Kwa hiyo tukaongeza ukurasa ambao Kulwa anakwenda kwa fundi redio kumwomba spika mbovu. Miezi miwili baadaye fundi redio wa mtaa wa pili alikuja kiwandani, mikono kiunoni, kutuuliza ni nani anayemtumia watoto. Alikuwa ameshagawa spika zote mbovu na sasa wanaanza kuziangalia nzima.

Sasa nije kwenye yangu.

Mwandishi wa mfululizo ule alikuwa Mwalimu Kabula. Alifundisha fizikia kwenye sekondari ya wasichana, mwanamke mfupi mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani, mzaliwa wa Bujora. Aliandika kwa mkono kwenye kaunta buku, mistari imenyooka kama mahindi ya shambani kwa mtu makini, na hakuwa na nakala nyingine. Kila kitu alikijaribu kwake kabla ya kutuletea, halafu tukakijaribu tena uani. Siri ya uandishi wake niliijua nikiwa nimeshachelewa: alikuwa akificha elimu ndani ya utani. Ukiona Doto anauliza upuuzi, ujue hapo ndipo somo lilipo.

Alituletea hadithi ya kikaushio cha dagaa. Watoto wanatengeneza sanduku la mbao, wanalipaka rangi nyeusi ndani, wanaweka wavu katikati, wanamwaga dagaa juu ya wavu, wanafunika kwa nailoni nyeupe inayopitisha mwanga. Jua linapasha sanduku, dagaa wanakauka bila mchanga, bila inzi, bila kuku wa jirani. Mzee Sefu alikuwa amekwishastaafu, lakini sheria yake niliitunza. Tulitengeneza sanduku uani kama muswada ulivyosema, tukakausha dagaa, tukawala kiwanda kizima kwa ugali. Mwalimu Kabula alikuja akala na sisi. Jaribio lilifaulu mia kwa mia.

Kosa nililifanya baada ya kufaulu. Angalieni hapo.

Kitabu chembamba hukaa kwenye karatasi moja kubwa ya mashine. Ukiikunja mara nne unapata kurasa thelathini na mbili. Huwezi kupata thelathini na tatu. Ukizidisha mstari mmoja, unahitaji karatasi nyingine nzima kwa ajili ya mstari huo. Asubuhi ya kuchapa, hadithi ilizidi kwa mistari kumi na moja. Fundi wa mashine alikuwa ameshatia wino, amesimama mlangoni kwangu akijifuta mikono.

"Masanja, vipi?"

"Dakika tano."

"Ulisema tano muda ule."

Nilimpigia Mwalimu Kabula, simu haipatikani. Alikuwa msibani Bujora. Ningeweza kupunguza mchoro wa ukurasa wa ishirini, lakini mchoro ulikuwa mzuri, bibi mnene wa sokoni amesimama mbele ya sanduku amejishika mdomo kwa mshangao, na mimi niliupenda. Nikatafuta mahali pa kukata. Nikaona mahali ambapo Doto anauliza kama dagaa wanapumua. Asha anamjibu kwamba dagaa wamekufa, ila sanduku ndilo linalopumua. Kulwa anapasha msumari, anatoboa matundu chini upande wa mbele na mengine juu upande wa nyuma, Doto anaweka pua kwenye tundu la juu, anapiga chafya. Mistari kumi na moja kamili. Nikajisemea, huu ni utani tu wa watoto.

Zama za herufi za risasi, kutoa mistari kumi na moja ilikuwa kazi. Unaishika kwa mkono, ina uzito, unapoitua mezani unaisikia, na huo muda mdogo unakufanya ufikiri. Kwenye kompyuta nilibonyeza mara moja. Siisingizii kompyuta. Kidole kilikuwa changu.

Tena mistari iliyobaki ilishikana vizuri sana. Ilisomeka: "Wakaweka dagaa, wakafunika kwa nailoni, wakafunga pande zote barabara." Na yule bibi wa kwenye mchoro, kanga yake ilikuwa imefunika sehemu yote ambayo matundu yangeonekana.

Wiki tatu baadaye mlango wa kiwanda ulifunguliwa, harufu ikaingia, halafu akaingia mwanamke. Alikuwa na ndoo. Nyuma yake alisimama msichana wa darasa la sita na kitabu chetu amekikumbatia kifuani. Yule mwanamke aliiweka ndoo juu ya meza yangu, juu ya karatasi zangu, akaifunua.

Vijana, mmewahi kuona dagaa waliochemka bila moto? Wamekuwa uji. Uji wenye macho.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Mimi ni Bibi Tatu wa soko la Mwaloni. Nauza dagaa tangu hujaota ndevu. Nani hapa ameandika kitabu?"

"Mwandishi hayupo hapa, mama. Ni mwalimu."

"Na wewe ni nani?"

Kwenye mlango wa chumba changu pameandikwa Mhariri. Nikasema, "Mimi nasaidia saidia tu."

"Basi nisaidie saidia kula hawa."

Fundi wa mashine alitoka nje kucheka. Yule msichana hakucheka. Alisema kwa sauti ndogo, "Bibi, nilifuata kila neno."

"Nyamaza, Rehema. Nilikuamini na dagaa wa siku nzima. Siku nzima! Soko lote linaniita Mama Supu." Akanigeukia. "Huyu mjukuu wangu alikuwa na klabu ya sayansi shuleni, kila alasiri anabaki huko na wenzake. Sasa basi. Alasiri atakuja kugeuza dagaa juani kama watu wengine. Mwambie huyo mwalimu wako."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilishajua. Nilipoona tu jinsi dagaa walivyochemka, mistari yangu kumi na moja ilikuja yote kichwani, pamoja na chafya. Nilikuwa na nafasi, mtoto yuko mbele yangu ananitazama, na ningemwambia tu: hukukosea, nilikosea mimi. Badala yake nilisema, "Waandishi nao ni binadamu, mama. Kuna wakati wanasahau."

Rehema aliangalia kitabu, akaniangalia, wakaondoka. Ndoo waliiacha.

Mwalimu Kabula alikuja Jumamosi. Habari zilikuwa zimemfikia. Alifungua kitabu mezani kwangu, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini.

"Masanja, matundu yako wapi?"

"Hayakuwemo, Mwalimu."

"Hayakuwemo? Mimi namkumbuka Doto na chafya yake."

"Labda ulikuwa umefikiria kuyaandika. Hata sisi tulipojaribu, nadhani tuliyatoboa kwa mazoea tu."

"Na kaunta buku yangu?"

"Zile za zamani tulizitupa, Mwalimu."

Ilikuwa kwenye droo ya chini, karibu kabisa na goti langu.

Alifunga kitabu, kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Nisamehe, Masanja. Nimewaaibisha." Aliniomba msamaha mimi. Halafu akaenda Mwaloni peke yake, na dagaa wakavu aliowanunua, akamwomba radhi Bibi Tatu mbele ya soko. Hakuleta hadithi nyingine. Nilipompigia kumwuliza, alijibu kwa upole kwamba mtu anayesahau matundu asiwaandikie watoto. Niliona kwamba hilo nalo limeisha, nikaweka simu chini.

Kuna jambo moja limebaki na ni baya zaidi, kwa hiyo nalisema haraka. Mwisho wa kila kitabu kulikuwa na anwani ya kuiandikia Klabu ya Mawe Saba. Barua zilikuja kiwandani, na kila Jumamosi nilimpelekea Mwalimu. Baada ya dagaa, nilizihofia. Nilifikiri kila bahasha ina mtoto mwingine anayeuliza matundu yako wapi, na Mwalimu akiulizwa mara nyingi ataanza kutafuta. Nikawa naziweka kwenye droo ya chini bila kuzifungua. Zilikuja kwa mwaka mmoja hivi, halafu zikaacha.

Siku ya kustaafu nilisafisha meza. Barua kumi na tisa na kaunta buku moja. Nilizifunga kwenye mfuko, nikazipeleka nyumbani, nikaziweka juu ya kabati, na nikaishi chini yake kama mtu anayelala chini ya jiwe lililoegemea jingine. Sisi wa Mwanza tumezoea kulala chini ya mawe, lakini hayo hatukuyapandisha wenyewe.

Ni nyinyi mlionifanya nizishushe. Mlipoondoka siku ile na maneno yenu ya kubuni majaribio, nilipanda kiti, nikashusha mfuko, nikafungua bahasha ya juu. Mwandiko wa penseli. Ilisema hivi:

"Kwa Mwalimu wa Klabu ya Mawe Saba. Shikamoo. Mimi ni Rehema wa Kirumba, yule wa dagaa. Asante kwa kuja kwa bibi yangu, lakini nataka kukwambia sanduku limefanya kazi. Niliangalia chini ya nailoni nikaona matone, nikasema hii ni kama mfuniko wa sufuria ya wali. Bibi akitaka maji yakauke huwa anaufungua kidogo. Nikatoboa juu. Haikutosha. Nikatoboa na chini, nikaweka mkono nikasikia hewa inapita. Dagaa walikauka kabla ya alasiri. Bibi aliwaonja, akaonja tena, halafu akauliza sanduku moja linachukua ndoo ngapi. Sasa nina swali. Je, uliacha matundu makusudi ili tuyatafute? Rafiki yangu Zuhura anasema ulisahau. Mimi nasema mtu anayejua vitu vyote hivi hawezi kusahau. Tumebishana mpaka mwalimu wa zamu akatutoa nje. Naomba unijibu upesi ili nimshinde."

Nikazifungua na nyingine. Barua tatu kati ya zile zilikuwa za kwake. Ya pili ilikuwa fupi. Ya tatu iliuliza tu kama ya kwanza ilifika.

Kesho yake asubuhi nilikwenda Bujora. Mwalimu Kabula amestaafu naye, anafuga kuku, mvi zimemjaa. Alifurahi kuniona. Niliweka kaunta buku mezani. Aliitambua kabla hajaigusa. Akafungua, akatafuta, akafika kwenye ile mistari. Nilimwona anasoma mpaka kwenye chafya ya Doto.

"Nilimwandika," alisema.

"Ulimwandika, Mwalimu. Nilimtoa mimi. Kurasa zilizidi. Halafu nikakudanganya."

Hakunifokea. Ningependa kusema alinifokea, ingekuwa nafuu. Alisema, "Unajua mimi siku hizi nikifunga mlango narudi kuhakikisha? Mara tatu. Nikitia chumvi naonja, nasahau kama nimeonja, naonja tena. Wanangu wananicheka. Nilidhani kichwa changu kimetoboka. Tangu siku ile, Masanja."

Nikampa barua. Alizisoma zote kumi na tisa, mimi nimekaa kwenye kigoda, na maji ya kunywa sikupewa, katika nyumba ya Kisukuma ambamo hata mpita njia hupewa uji. Alipomaliza ile ya Rehema aliirudia, kisha akasimama kufunga kilemba.

"Huyu mtoto ameuliza swali. Twende."

"Mwalimu, huyo mtoto sasa ni mtu mzima. Sijui hata kama..."

"Twende."

Pale Mwaloni tulimwulizia Bibi Tatu. Tukaambiwa ni marehemu, miaka sasa. Huyo nimeshachelewa kumwomba radhi, na sina njia. Tukamwulizia mjukuu wake. "Rehema Masanduku?" mbeba mizigo mmoja akasema, akatuonyesha kwa kidevu. Palikuwa na masanduku manne meusi juu ya miguu ya mbao, nailoni zimewambwa juu yake, na mwanamke kijana mwenye kanga mbili anapepeta dagaa kwenye ungo. Akatuamkia, nasi tukaitikia.

"Mimi," Mwalimu Kabula akasema, "ndiye niliyeandika kitabu cha kikaushio."

Ungo ulisimama hewani. "Wa Mawe Saba?"

"Ndiye."

"Nilikuandikia barua!"

"Nimeipata leo asubuhi."

"Leo?" Rehema akacheka. "Kumbe ilikuja kwa miguu!"

Mwalimu hakucheka. "Uliniuliza swali. Jibu lake analo huyu mzee."

Nikamwambia kwamba matundu yaliandikwa. Kwamba niliyatoa mimi, nikakata utani nikakata na somo, nikasema mwalimu amesahau, nikazificha barua zake zote tatu bila kuzisoma.

Rehema aliweka ungo chini, akajifuta mikono kwa upindo wa kanga.

"Nilingoja jibu lako mwaka mzima," alisema, akimtazama Mwalimu, si mimi. "Klabuni sikurudi. Bibi alipoona sanduku linafanya kazi ndiyo alinihitaji zaidi huku. Nikasema angalau Mwalimu atajibu. Halafu nikasema basi, watu wa vitabuni hawajibu. Sijamwandikia mtu tena." Ndipo akanigeukia. "Wewe, baba, sijui nikwambie nini."

"Usiniambie kitu."

"Kwa hiyo hakusahau?"

"Hakusahau hata nukta."

Rehema akageuka, akaweka viganja mdomoni, akaita juu ya vichwa vya soko zima:

"Zuhura! We Zuhura! Hakusahau!"

Meza ya sita hivi kutoka pale, mwanamke mnene akainua kichwa. "Nani kasahau nini?"

"Mwalimu wa matundu! Hakusahau! Nilikwambia!"

"Matundu gani?"

"Darasa la sita! Mpaka tukatolewa nje!"

Zuhura akashika kiuno. "Rehema, wewe bado unalo hilo? Mimi nina watoto watatu!"

"Hata wangekuwa kumi! Nimekushinda!"

"Haya, umenishinda! Chukua kombe!"

Soko likacheka. Wanawake waliokuwa jirani wakamtazama Mwalimu Kabula, mmoja akampa kiti, mwingine akauliza huyu ndiye yule aliyekuja na dagaa wakavu kuomba radhi zamani, na Rehema akasema kwa sauti kubwa kwamba hakuwa na kosa lolote la kuombea radhi. Mwalimu hakukaa. Alikuwa amegeukia upande wa ziwa, mgongo kwetu.

Alipogeuka alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la kwanza. Akainama, magoti yakalia, akaweka kiganja juu ya matundu ya juu, akasubiri hewa.

"Mbona ya juu umeyafanya mengi kuliko ya chini? Mimi niliandika sawasawa."

"Ya sawasawa yanasumbua siku ya mawingu, Mwalimu. Mvuke unachelewa kutoka. Nilijaribu na nane, nikajaribu na kumi..."

"Subiri." Alinyoosha mkono nyuma bila kunitazama, akanipa mkoba wake nishike, kisha akakumbuka anampa nani, akauchukua tena, akatoa kalamu na kuanza kutafuta karatasi. Hakuwa nayo. Akageuza moja ya zile barua, upande usioandikwa.

"Anza tena," akamwambia Rehema. "Taratibu. Ulipotoboa ya nane, nini kilitokea?"